Samaki Juu ya Kabati la Mama Jerop

Jumatatu, Julai 7

Jerop alikuja jana kutoka Ainabkoi. Binti yangu ni mwalimu, na mwalimu hata akija kusalimia hukagua. Alikagua. Akafunua sufuria, akaifunika haraka. Akapitisha kidole juu ya redio, akakitazama kidole. Nikampa chai kwenye chupa ya jemu, kwa sababu kikombe nilikuwa nakitumia mimi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alisema nihamie kwake. Chumba kipo, kina dirisha, na dirisha linatazama ng'ombe. Hii nyumba tuipangishe. Nikamwambia siwezi kuiacha nyumba ya mama yake. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio mbaya: "Baba, tangu Mama atuache, humu ndani hakuna kitu kinachopumua ila wewe."

Nikatazama huku na huku nimpinge. Kweli hakuna. Hata saa ya ukutani imesimama.

Tumepatana hivi. Atarudi Jumapili ya tarehe 20. Akikuta nyumba ina uhai, na akanyweshwa chai kwa vikombe vya mama yake kama mtu wa heshima, hatataja tena habari ya kuhama. Akikuta chupa ya jemu, nafunga mizigo.

Kitu kinachopumua! Nimewaza mchana kutwa. Ng'ombe, hapana, hapa ni mtaani. Kuku, hapana. Sukuma wiki ya Mama Kim iko ng'ambo ya ua tu, na Mama Kim ni mwenyekiti wa kina mama kanisani. Sitaki kuombewa hadharani kwa ajili ya kuku. Paka, Mama Jerop alikuwa akipiga chafya hata akiona picha ya paka. Najua hatapiga tena. Bado naona si vizuri.

Zamani ningemweleza yeye haya yote jioni, naye angeendelea kushona na kusema "mm". Sasa nakieleza kitabu hiki. Hakisemi hata "mm".

Jumanne, Julai 8

Samaki! Samaki wanapumua. Tena hawabweki, hawadonoi, hawana manyoya.

Ilikuwa hivi. Kuna hoteli ya chai mjini inafungwa, na mwenyewe anagawa vitu. Nikakumbuka lile tangi la kioo lililokuwa karibu na sinki la kunawa, lenye samaki wanne wekundu. Nikatoka mbio. Nilipofika, nani nikamkuta amesimama mbele ya tangi, mikono nyuma kama afisa wa afya? Gichuru!

Gichuru ni jirani yangu, mumewe Mama Kim. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na sebuleni ana televisheni kubwa kama mlango. Sasa alitaka na tangi. Mtu mmoja, televisheni na samaki! Akamwambia mwenye hoteli anakwenda kuleta pikapu, asimpe mtu mwingine.

Nilibaki. Nikamshika mwenye hoteli mkono, nikamweleza kwamba nimefiwa na mke, kwamba nyumba imenyamaza, na kwamba mwanangu ananihamisha. Sikudanganya hata neno moja. Ila mkono niliushikilia muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Alipoona siuachii, akasema basi mzee, chukua.

Nikakodi mkokoteni. Njiani tukapishana na pikapu ya Gichuru ikielekea hotelini. Nikampungia.

Samaki wako kwenye karai kwa sasa. Yule mnene nimemwita Diwani. Anafungua mdomo mchana kutwa na hakuna kinachotoka.

Alhamisi, Julai 10

Swali: tangi likae wapi?

Meza ya sebuleni ina miguu ya ndama aliyezaliwa leo. Stuli inayumba hata bila mtu. Limebaki kabati la Mama Jerop. Ni kabati pana, refu kunifikia kifuani, lenye milango miwili ya kioo, na ndani kuna vikombe vyake vya maua mekundu ambavyo havijawahi kuguswa na mtu asiye mgeni. Tulilinunua mwaka Jerop alipoingia sekondari. Mama Jerop alilizunguka mara nyingi siku hiyo, kama mtu anayeangalia ng'ombe mnadani.

Gichuru alikuja. Amenisamehe habari ya tangi, anavyodai. Amekuja na pima maji yake, akaiweka juu ya kabati, tukakitazama kile kiputo chake cha hewa. Kikakimbilia upande wa mlango. Akasema kabati limeinama. Nikasema labda ni nyumba. Akasema hata kama ni nyumba. Kisha akaligonga kabati kwa kidole na kusema hii si mbao, ni maranda yaliyobandikwa kwa gundi na kupakwa picha ya mbao. Kabati la Mama Jerop! Akasema tangi linataka meza ya chuma, ana vyuma dukani, atanichomelea.

Nikajua ndiyo hiyo. Anataka samaki wangu wakae juu ya chuma chake, ili kila mgeni akisifu samaki yeye aseme, "Na hapo chini ni mimi."

Nikamkumbusha kwamba nilikuwa mtu wa mizani kwenye ghala la nafaka mpaka nilipostaafu. Hakuna mtu katika Uasin Gishu nzima wa kunifundisha uzito. Gunia la mahindi ni kilo tisini. Tukajaribu! Tukanyanyua gunia langu la mahindi, mimi na yeye, kwa kelele nyingi, tukaliweka juu ya kabati. Likakaa pale tangu chakula cha mchana mpaka saa ya chai. Kabati halikusema neno.

Gichuru akasema gunia ni moja, lakini tangi litameza mitungi saba ya lita ishirini, na kila lita ya maji ni kilo moja, na hapo hatujapima kioo wala mawe. Tena gunia ni laini, linajilaza lenyewe, kioo hakijilazi. Nikamwambia maji hayapimwi kwa kilo, hupimwa kwa lita. Miaka yote niliyokaa kwenye mizani, hakuna mkulima hata mmoja aliyewahi kuniletea maji.

Alichukua pima maji yake akaenda.

Ijumaa, Julai 11

Siku kuu! Tangi liko juu.

Mama Kim alipitia uani kuleta maziwa, akanikuta nikitandika kitambaa juu ya kabati. Ni kile cheupe cha kroshia, chenye maua ya kuinuka na pindo linaloning'inia mbele. Akaniuliza mbona nisikitoe kwanza, tangi likae juu ya ubao mtupu. Nikamuuliza yeye, nyumbani kwake kuna kitu kinachokaa juu ya ubao mtupu? Redio ina kitambaa. Thamosi ina kitambaa. Televisheni yao ya mlango ina kitambaa. Akakubali kwamba ubao mtupu ni aibu.

Tena kitambaa hiki kina habari yake. Mama Jerop alikishona msimu mmoja wa mvua, kila jioni wakati wa taarifa ya habari, akihesabu mishono kwa sauti. Msimu mzima sikusikia habari hata moja ya serikali. Niliambulia "arobaini na mbili, arobaini na tatu". Sikupungukiwa na kitu.

Nikajaza maji ya mvua, mtungi kwa mtungi. Nikapanga mawe. Nikachomeka pampu ya hewa kwenye stima. Diwani na wenzake wakaingia, wakazunguka, wakaridhika. Ni uzuri mtupu!

Kasoro ndogo. Maji upande wa dirisha yamepanda, upande wa mlango yameshuka. Tangi pia linacheza kidogo ukiligusa, kwa sababu ya yale maua ya kuinuka. Nimekata kipande cha ndara kuukuu, nimekisukumiza chini ya kona moja. Halichezi tena. Gichuru angechomelea chuma siku mbili. Mimi ndara moja, dakika moja!

Jumapili, Julai 13

Baada ya kanisa watu walikuja kuona samaki. Kina mama wote wa Mama Kim. Sebule ilijaa mpaka mlangoni. Wengine walipiga picha na Diwani. Mmoja aliuliza wanaliwa lini, tukamnyamazisha.

Gichuru alisimama nyuma kabisa, akimnong'oneza kila anayeingia asiegemee kabati. Wivu.

Katikati ya wimbo wa kuagana kabati lilisema "ka". Niliwaambia mbao mpya kazini husema hivyo. Mama Kim akauliza mbao gani mpya, kabati hili si lina umri wa Jerop wa sekondari? Niliwaongezea chai.

Chai nilitoa kwa vikombe vya plastiki vya kanisa. Vile vya maua nimeviweka kwa ajili ya Jumapili ijayo.

Jumanne, Julai 15

Leo nilitaka kuvipangusa vikombe nikae tayari. Nikavuta mlango wa kabati. Haukuja. Nikavuta wa pili. Haukuja vilevile.

Nikarudi nyuma nikalitazama kabati kwa macho ya mizani. Ubao wa juu umeingia ndani kama mgongo wa punda mzee. Umekalia milango. Milango imebanwa tii. Vikombe viko ndani, navitazama kupitia kioo, vinanitazama.

Jerop anakuja Jumapili! Bila vikombe ni chupa ya jemu, na chupa ya jemu ni Ainabkoi.

Suluhisho rahisi ni kutoa maji. Lakini nikitoa maji Gichuru atajua. Ananihesabia mitungi kupitia dirisha lake. Suluhisho hilo nimelikataa.

Nimejaribu kisu cha mkate. Kimepinda. Nimejaribu kupaka sabuni ya mche kwenye bawaba. Sasa mlango unanukia vizuri na haufunguki. Nimejaribu kuusemesha kwa upole, kama Mama Jerop alivyokuwa akizungumza na mashine yake ya kushona ikikwama. Alikuwa akiipigapiga ubavuni akisema, "Haya, mama, haya." Na ilikuwa ikitii. Mimi sijatiiwa.

Jumatano, Julai 16

Mpango wa jeki!

Kama ubao umeshuka, upandishwe. Nikaenda kwa Gichuru kuazima jeki ya pikapu. Akauliza ya nini, wewe huna gari. Nikasema rafiki yangu wa kanisani amepata pancha. Akauliza rafiki gani. Nikasema yule mrefu. Akauliza gari gani. Nikasema nyeupe. Akanipa jeki, akasema nimsalimie yule mrefu.

Kabati lina nafasi wazi katikati, kati ya ile milango miwili, pale tulipokuwa tukiweka redio. Nikasimamisha jeki pale na kipande cha ubao juu yake. Nikaanza kupandisha. Polepole. Kabati likalia kama mlango wa kanisa. Mlango wa kushoto ukajifungua upana wa kidole! Nikaingiza kidole. Nikaigusa sahani ya kikombe kwa ncha ya ukucha!

Nikapandisha zaidi, kwa tamaa.

Kumbe ukipandisha katikati, pembeni kunashuka. Maji yakamwagika mbele kama ndoo ya mtoto. Diwani alifika ukingoni kabisa, tukatazamana uso kwa uso, akarudi. Mlango ukanibana kidole. Nilipiga kelele. Mama Kim akauliza kutoka uani kama kuna mtu ameumia. Nikasema naimba.

Nikashusha jeki. Kidole kikatoka. Kikombe hakikutoka.

Alhamisi, Julai 17

Sakafu ina maji. Jana nilipangusa, leo yako tena. Tangi halivuji, nimelikagua pande zote. Paa halivuji. Nikakaa chini mbele ya kabati nikitazama, na nikamwona mwizi.

Ni kitambaa! Kimekunywa yale maji ya jana. Kila pampu ikirusha matone kinayapokea, kinayateremsha kwa lile pindo zuri la mbele, tone, tone, mpaka kwenye ubao. Na ubao ni maranda, kama Gichuru alivyosema, ila simwambii. Maranda yakinywa maji yanafura. Kabati limefura kama mandazi.

Nikikitoa kitambaa lazima ninyanyue tangi. Nikinyanyua tangi lazima nimwite Gichuru. Nimeweka beseni chini ya pindo. Sasa tone linalia "ting", kama kengele. Si mbaya. Ni sauti ndani ya nyumba.

Mama Kim alikuja na maziwa. Akaliangalia kabati, akaliangalia beseni, akaweka jagi chini. "Baba Jerop," akasema, "kabati lako lina mimba."

Nikamwambia ni unyevu wa Julai. Akasema hata yeye ana kabati, na Julai ni ile ile. Akauliza Jerop anakuja lini. Nikamwambia. Akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba wao hawataki niende Ainabkoi. Ua ungekuwa mrefu sana bila mtu wa kusemezana naye. Kisha akajirudisha haraka, akaniuliza kama yule mrefu alishafunga gurudumu lake.

Wanajua kila kitu, hawa.

Jumamosi, Julai 19

Naandika nikiwa nimevaa suruali ya Gichuru. Zangu zote ziko kwenye kamba.

Asubuhi, kabla sijamaliza uji, nikasikia "ta!" Si "ka" ya kabati. "Ta" ya kioo. Nikakimbia. Kwenye kona ile ya ndara kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umeanza chini, umepanda. Wakati naangalia, ukapanda tena.

Nilipiga kelele ambayo haikuwa ya kuimba.

Gichuru aliruka ua. Mtu wa miaka yake! Nyuma yake Mama Kim, kwa lango, mbio, na kitambaa cha kichwa mkononi. Sisi wanaume tukalikumbatia tangi, mmoja huku, mmoja kule, tusijue la kufanya baada ya kukumbatia. Mama Kim akatupigia kelele, "Zimeni stima kwanza, nyinyi wazee!" Akaichomoa pampu yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye maji bila viatu. Hilo silitaji kwa Jerop.

Gichuru akaleta mpira wa maji, akautia ndani ya tangi, akanyonya ncha ili maji yashuke. Alinyonya kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alimeza. Akasema maneno kwa Kikuyu ambayo Mama Kim, kama mwenyekiti, alikohoa kuyafunika. Lakini maji yakaanza kushuka! Ndoo ikajaa, karai likajaa, nikaleta sufuria, nikaleta beseni. Mama Kim akafunga sketi kiunoni, akapanda juu ya stuli, akawavua samaki kwa chujio la chai. Watatu walikubali. Diwani alikataa. Alimkimbia kona hadi kona, naye akimkaripia kama mtoto wa Shule ya Jumapili: "Toka hapo! Wewe ndiye umeleta haya yote!"

Gichuru naye, akiwa anatema mate ndani ya ndoo, alikuwa akinikaripia mimi. Kilo mia na arobaini, alisema. Bila mawe! Juu ya maranda! Juu ya kroshia! Juu ya ndara! Nikamjibu kwamba gunia lilikaa. Akasema gunia, gunia, akamezeshwa maji tena.

Na hapo ndipo nilipoona miguu mlangoni.

Jerop. Siku moja kabla! Ana shughuli ya shule kesho, akaona aje leo. Amesimama na mkoba begani, ananitazama. Nikaitazama nyumba kwa macho yake. Maji hadi chini ya kiti. Mzee mmoja anatema. Mwenyekiti wa kina mama juu ya stuli. Samaki mmoja kwenye sufuria ya chai. Baba yake amekumbatia tangi, bila viatu.

Moyo ukaniambia, Kimeli, kafunge mizigo. Nilianza kusema kwamba mambo hayako hivi.

Maji yalikuwa yamebaki kidogo. Mama Kim akampata Diwani. Na tangi lilipokuwa jepesi kabisa, kabati likapumua. Sijui niseme vipi. Ule ubao uliinuka kidogo, ukatoa sauti kama mzee anayeinuka kitini, na mlango wa kushoto ukajifungua wenyewe, taratibu, mbele ya Jerop.

Vikombe vilikuwa vimesimama safu kwa safu. Hakuna hata kimoja kilichovunjika.

Jerop aliketi kwenye mkono wa kiti, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha machozi yakaja, na sikuuliza ni ya aina gani. Alivua viatu, akakunja mikono, akavitoa vikombe yeye mwenyewe, viwili viwili, kama mama yake alivyokuwa akivitoa, kimoja kila mkono ili visigongane. Mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba alikuwa akivitoa hivyo.

Tulikunywa chai sote wanne, miguu juu ya stuli. Mama Kim ndiye aliyeipika kwao, kwa sababu sufuria zangu zote zilikuwa na samaki. Diwani alikuwa kwenye karai katikati yetu kama mgeni rasmi.

Nikangoja hukumu. Jerop alikizungusha kikombe chake mara kadhaa. Akasema kila jioni akiwa Ainabkoi alikuwa akiniwaza nimeketi peke yangu kimya, na kwamba siku moja ningeanguka na asisikie mtu. "Leo, Baba," akasema, "nimesikia kelele zenu tangu barabarani, kabla sijashuka."

Akasema nibaki.

Gichuru alisema kwa niaba yangu. Alisema atanichunga. Mimi nichungwe na Gichuru! Lakini nilikubali kwa kichwa.

Masharti yapo. Kabati liende kwa fundi, libadilishiwe ubao wa juu. Tangi litiwe kioo kipya, na likae juu ya meza ya chuma ya Gichuru, palipopimwa, na waya wa pampu uning'inie chini ya soketi ili tone lisifuate waya hadi kwenye stima. Na nisiweke kitu kizito kuliko redio juu ya fanicha yoyote bila kuuliza mtu. Nimeapa. Mama Kim alikuwa shahidi.

Jerop alikifua kitambaa kabla ya kuondoka. Akakianika uani. Tulikitazama kikipepea, na ilikuwa vizuri.

Jumatatu, Julai 28

Gichuru amemaliza meza. Ni ya chuma, nzito, ina miguu minne na vyuma vya kukingama chini. Ameipima mpaka kiputo kikakaa katikati kama askari. Juu ameweka ubao mnene ulionyooka, na juu ya ubao sponji nyembamba, sawasawa na tangi, ili kioo kikae juu ya kitu laini pote na kisiguse jiwe wala mchanga. Tumejaza maji. Yamenyooka pande zote! Samaki wamerudi. Kila mgeni akisifu, Gichuru anasema, "Na hapo chini ni mimi." Nilijua.

Lakini nimejifunza, lazima nikiri. Nimejifunza jambo kubwa. Kioo kinataka kitu laini chini yake. Ndilo kosa tulilofanya. Ulaini ulipungua.

Sasa, kuna mwalimu rafiki yangu wa Timboroa anahamishwa shule. Alinipigia simu jana. Ana tangi lake, refu kama benchi la kanisa, na samaki wengi weusi wenye mikia inayopepea kama nguo, na huko anakohamishiwa hana pa kuwaweka. Anauliza kama nina mahali.

Nimezunguka nyumba nzima nikifikiri. Chumba cha wageni kina kitanda. Krismasi moja ndugu yangu Kiprop alilala pale na mkewe, watu wazito wote wawili, wakagombana mpaka alfajiri, na kitanda hakikutoa hata mlio mmoja. Na juu yake kuna godoro. Ni kitu gani duniani kilicho laini kuliko godoro?

Alhamisi Gichuru anakwenda Nakuru kuchukua mabati. Nimemwambia mwalimu alete tangi Alhamisi.